Kiuno cha Ishirini na Nane

“Leo nitafutie ya kiuno ishirini na nane,” alisema yule mteja, na Mama Suruali akaacha kukunja.

Mwanzoni mwa mwaka mwanamke huyu alinunua kiuno cha thelathini na nane. Baadaye akaja kuchukua thelathini na tano. Kisha thelathini na moja. Mume alikuwa yuleyule mmoja.

“Amepungua tena?”

“Amekuwa ng’onda, mwenzangu. Ukimwona utalia.”

Mama Suruali alikuwa ametandaza turubai lake kwenye gulio lile kwa miaka kumi na mmoja, akiuza suruali za kiume za mitumba na si kitu kingine. Lebo hakuzitazama, wajanja hubandika lebo wanazotaka. Yeye alipitisha kidole gumba ndani ya pindo, akavuta zipu mara mbili, akainua kitambaa juani aone kama kimelika makalioni. Hapo alijua suruali imebakiza miaka mingapi.

Wateja wengine walipekua rundo mpaka jasho likawatoka. Huyu hakupekua. Kila belo jipya lilipofunguliwa, Mama Suruali aliiondoa ile suruali bora kuliko zote, akaificha chini ya kigoda chake, na madalali wakimwomba aliwaambia ina mwenyewe.

Alikuwa na sababu. Mumewe naye aliugua muda mrefu kabla ya kufa, na miezi yake ya mwisho aliimalizia ndani ya suruali moja iliyofungwa kiunoni kwa kamba ya katani. Mume wa muuza suruali! Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

“Mke ni huyu,” aliwaambia wauzaji wenzake kila mteja huyo alipoondoka. “Ninyi waume zenu wakishikwa na mafua tu, mnawarudisha kwa mama zao.”

Sasa alipekua yeye, rundo zima, akanyoosha mgongo.

“Kiuno hicho ninacho, lakini ni za wavulana. Shemeji si mrefu?”

“Mrefu sana. Na fupi sitaki. Jumapili namtoa barazani asalimiane na watu. Suruali ikimpwaya au ikamwishia juu ya vifundo vya miguu, majirani wataanza maneno. Ikimkaa sawasawa, hakuna anayeona kitu.”

“Na hospitali wanasemaje?”

Mteja akaguna. “Ugonjwa wake ni ubishi, dada. Angenisikiliza tangu siku ya kwanza, saa hizi angekuwa anatembea mjini. Lakini fundi mwashi aliyejijengea nyumba kwa mikono yake, tofali kwa tofali, utamwambia nini akakusikia?”

Mama Suruali alitikisa kichwa. Mume wake naye alikuwa akivitema vidonge nyuma ya kitanda.

“Usichoke tu, mwenzangu.”

“Sichoki. Hata yeye anajua kwamba sichoki.”

Siku tatu baadaye belo likafunguliwa, na suruali ile ilikuwa katikati kabisa, kama iliyokuwa ikimngoja: sufi laini ya rangi ya majivu, ndefu, nyembamba, mishono ya ndani imefunikwa yote. Mama Suruali aliibusu. Hakusubiri mteja aje. Alimwachia jirani turubai, akanunua mkate wa maziwa na mayai ya kuchemsha, akaenda akiulizia nyumba ya yule fundi mwashi mgonjwa. Kila aliyemuuliza aliijua, na kila mmoja aliongeza neno la kumsifu mke.

Mteja alifungua mlango nusu. Alisita, kisha akacheka.

“Jamani, umejisumbua hivyo!”

“Nimekuja kumwona shemeji. Na suruali tumjaribishe hapohapo, isipomkaa niirudishe.”

Mteja akaupokea mfuko wa mkate, akatoa ufunguo kwenye kanga, akamtangulia ukumbini, akafungua mlango wa chumba cha mwisho.

Chumba kilikuwa kisafi kuliko wodi yoyote aliyowahi kuiona. Shuka nyeupe, dirisha limefungwa, harufu ya sabuni. Mgonjwa alikuwa ameketishwa kwenye kiti, amenyolewa, amechanwa, ndani ya ile suruali ya thelathini na moja. Pembeni yake palikuwa na kimeza chenye bahasha na kalamu.

“Mgeni wako huyu,” mkewe alimwambia kwa upole. “Ongeeni, niinjike chai.”

Hatua zake zikaishilia jikoni. Mama Suruali akapiga magoti, akaipima suruali mpya kwenye nyonga za yule mzee. Mkono wake ukagusa mfupa, na machozi yakamlenga.

“Pole sana, shemeji. Hii itakukaa kama umeshonewa. Mkeo hataki uadhirike mbele za watu. Laiti mimi ningemfanyia hivi wangu! Mshukuru Mungu, wanawake wa namna hii hawapatikani.”

Mzee hakuitazama suruali. Alitazama mlango, halafu akamshika mkono kwa vidole vilivyokauka kama vijiti.

“Wewe ndiye shahidi?”

“Shahidi wa nini, shemeji? Mimi ndiye ninayeuza suruali.”

“Yeyote uliye.” Sauti ilikuwa pumzi tupu. “Mwambie nyumba achukue. Nitasaini sasa hivi, mbele yako. Ila anipe uji kwanza.”