Kinanda cha Tatu

"Hiki nacho kibovu," mpiga kinanda alimwambia muuzaji. "Vibonye vya mwisho huku juu vimekufa."

"Kaka, unachagua kinanda au mchumba?" mpiga ngoma wao alimtania. Bendi yao ya roki, yenye nyimbo ndefu kama foleni ya hospitali, ilitaka kinanda chake cha kwanza cha umeme, kimoja kitakacholia kama filimbi, zeze na kwaya nzima.

Muuzaji, amenuna, akatoa cha tatu kwenye boksi.

Mpiga kinanda, aliyezoea kufanya mazoezi sikio likiwa ubavuni mwa spika ya gitaa, akaongeza sauti mpaka mwisho. Akakandamiza kibonye cha juu kabisa hadi ukucha ukawa mweupe. Hakusikia kitu.

"Hata hiki!" Akageuka akicheka.

Muuzaji na mpiga ngoma walikuwa wameziba masikio.