Wimbo Uliovuka Mto

Wimbo ulikuwa wa Malaki, lakini siku ya mashindano waliotangulia kuuimba ni watu wa ng'ambo ya mto. Tena waliuimba wote, sauti zote nne, bila haya. Kwaya ya Malaki ilikuwa inafuata, imesimama pale na nguo zake nyeupe, haina cha kuimba.

Ilimuuma, na ingemuuma yeyote. Miezi mitano alikuwa akiutunga nyumbani kwenye kompyuta yake. Wanakwaya aliwafundisha kwa mdomo tu. Karatasi alimpa mtu mmoja, Uelese, aliyepangiwa kuimba peke yake ubeti wa tatu.

Miaka kumi na miwili ubeti wa namna hiyo ulikuwa wa Sinalei, dada yake Malaki, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Mwaka huu Malaki alimwambia sauti yake imechoka. Sinalei hakununa. "Wewe ndiye mwalimu," alisema, akaendelea kukuna nazi. Kwetu kisiwani Savaii kaka hamdhanii dada yake vibaya, na Malaki hakumdhania.

Ni Sinalei pia aliyeuliza swali lililokuwa mioyoni mwa wote. "Kwani mke wa Uelese katoka wapi, kama si ng'ambo?"

Basi Malaki akamfukuza Uelese mbele ya kwaya nzima, rafiki yake aliyebatizwa naye siku moja.

"Ndugu yangu, karatasi yangu hii hapa," Uelese alisema huku analia. "Haijatoka mfukoni."

"Karatasi haikutoka. Mdomo wako ndio uliotoka."

Ubeti ukarudi kwa Sinalei.

Mchungaji hakutaka waingie Krismasi na ugomvi. Akaagiza watu wa ng'ambo waende kwa Malaki, wale pamoja, yaishe. Jumamosi mchana wakaja wawili: Filipo, mwalimu wa kwaya yao, na mzee Aperamo, shemasi wao. Sinalei aliwapikia majani ya magimbi kwa tui zito la nazi.

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika hapa," Filipo alisema, akijiweka mkekani. "Mna upepo mzuri."

"Na wewe una masikio mazuri," Malaki alimjibu.

Mzee Aperamo akaona abadilishe mazungumzo. Alitoa simu mpya aliyotumiwa na binti yake kutoka Auckland. "Mwalimu, si wewe unayefundisha kompyuta shuleni? Bondeni huku simu haishiki kabisa, na wanasema nyie mna waifai. Mbona sioni waya?"

Malaki alipenda kufundisha hata akiwa na hasira. Akamwonyesha kiboksi cha ukutani.

"Ile ndiyo ruta, mzee. Inapokea mtandao na kuutawanya hewani, ndiyo maana huoni waya. Simu yako imeshauona, soma jina hilo. Na haka kakufuli maana yake pamefungwa mpaka utie nywila."

"Nywila ndiyo nini tena?"

"Neno la siri. La hapa tunalijua wawili tu, mimi na dada. Hata mchungaji sijampa."

"Kwa hiyo kila nikija nikupigie magoti?"

"Hapana. Simu ikishapewa mara moja, haisahau. Siku nyingine ukifika inaingia yenyewe, hata ikiwa mfukoni."

Mzee alicheka kwa kuridhika. Akaisogeza simu yake karibu na ya Filipo, iliyokuwa mkekani kando ya sahani, ikilia ujumbe mmoja baada ya mwingine. Akazilinganisha kwa makini, kama mwanafunzi mwema.

"Yangu inadai nywila," alisema. "Mbona ya Filipo imeshaingia?"

Malaki akamgeukia dada yake. Filipo aliifunika simu kwa kiganja, na Sinalei akainuka kwenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.