Ruthu Hayumo

Ruthu hakuwamo.

Damari alilowesha kidole akapekua tena. Waamuzi kilikatika njiani, Samweli akaanza, na kati yao vilibaki vishina vya karatasi iliyochanwa hadi kwenye mshono. Akafungua Mwanzo. Loo! Mwanzo nusu hakuna, Kutoka vipande vipande, Walawi hata alama. Kurasa zote zilizochanwa ni zile alizokwisha kuzisoma. Kuanzia kwenye uzi mwekundu aliouweka kuwa alama, hadi mwisho wa kitabu, hakuna ukurasa uliokuwa umeguswa.

"Nani kanichania Biblia yangu?"

Mtoto mchanga akaamka, akaanza kulia.

Damari alikuwa mama wa Yunia na wadogo zake wanne, mke wa mwalimu wa dini aliyeletwa Konde, Pemba, kutoka bara kuwafundisha Wakristo wachache waliokuja kuchuma karafuu. Muda wa kusoma aliuiba. Alfajiri, kabla uji haujachemka, sura moja: mtoto begani, mwiko mkononi, macho kwenye mstari. Miezi kumi hakuruka siku, hata alipougua homa. Jumapili iliyokuwa ikija ingekuwa mara yake ya kwanza kuwafundisha kina mama, na alikuwa amemchagua Ruthu.

Mumewe, Mwalimu Elisafi, aliingia akitafuna karafuu. Siku zote alikuwa nayo mdomoni. Alisema inamsafishia sauti ya mahubiri.

"Umefikia wapi leo, mke wangu?"

Ndilo swali lake la kila asubuhi. Wanawake wa kanisani walimwonea Damari wivu kwa swali hilo. Waume zao waliuliza chai tu.

Damari akamwonyesha kitabu. Mwalimu alikitazama, akatikisa kichwa.

"Watu wa huku," alisema polepole, "Neno la Mungu hawalipendi."

Hapo ndipo Damari alipomkumbuka Mwanapili.

Jirani huyo huingia bila kungoja aitikiwe hodi. Ndiye anayeshika mtoto Damari akienda kisimani. Na juzi tu Damari alimkuta nyuma ya ukuta wa choo, ameinama, ameokota kikaratasi chembamba chenye maandishi, anakipuliza mchanga na kukifunga kwenye pindo la kanga.

"Unaokota nini, Bi Mwanapili?"

"Taka tu, jirani." Akaondoka mbio, bila kumtazama usoni.

Taka! Hirizi, sema hirizi! Pemba hii, nani asiyeijua? Kwao bara walimwonya kabla hajapanda meli. Akilini Damari akamwona Ruthu amekunjwa pamoja na nywele na kucha za watu, ameshonewa kitambaa cheusi, ananing'inia kwenye kiuno cha mtu kinachotoka jasho. Muhogo wa nazi ulioletwa na Mwanapili asubuhi aliwamwagia kuku. Bakuli akalitupa nje ya mlango. Kisha akamwogesha mtoto kwa sabuni, mara mbili, kwa sababu mikono ile ilikuwa imembeba.

"Usilikuze jambo," Mwalimu alisema. "Tusamehe. Nitakuagizia nyingine."

"Kusamehe uchafu huu? Ptuu! Nakwenda kwa sheha."

Sheha, Mzee Silima, mkuu wa mtaa, hakulipenda neno la uchawi. Mwanamke akishaitwa mchawi Konde, hakuna tena anayekula kwake wala anayemwachia mtoto, na Mwanapili alikuwa mjane asiye na mtu ila majirani. Lakini mshitaki ni mke wa mwalimu, na watu walikwisha kusikia. Wakaongozana. Mwalimu aliwafuata nyuma, akimsihi mkewe warudi.

Mwanapili alikuwa barazani akichambua karafuu. Alipowaona alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Karatasi za Biblia yangu unazo?" Damari aliuliza.

"N'nazo."

Watu wakaguna.

"Unazifanyia nini?"

"Mama Yunia, tafadhali. Tuingie ndani, tuzungumze weye na miye."

"Hapa hapa! Mbele ya watu! Mchawi mkubwa wee, na mtoto wangu ulikuwa unambeba!"

"Twende zetu, mke wangu," Mwalimu alisema. Alimshika mkono, Damari akauchomoa.

Mwanapili alimtazama jirani yake, machozi yakamlengalenga. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha kitambaa cheupe kilichofuliwa na kufukizwa udi. Alikuwa amekiweka kwenye kidaka cha ukuta, juu kabisa, pamoja na msahafu wake. Akamkabidhi sheha.

"Miye sikifungui," Mwanapili alisema. "Akitaka, afungue mwenyewe."

Damari alikipokea kwa ncha za vidole, uso ameugeuza pembeni, kama ameshika panya aliyekufa. Akafungua fundo.

Hamkuwamo nywele wala kucha. Mlikuwamo vipisi vya sigara, mia au zaidi, vimesokotwa kwa karatasi nyembamba yenye maandishi madogo, kila kimoja kimeungua ncha. Kwenye kimoja lilibaki jina la mkwe wa Ruthu: Naomi.

"Nyuma ya choo chenu, kila siku, weye ukishakwenda kisimani," Mwanapili alisema kwa sauti ya chini. "Jina la Mungu halikanyagwi, jirani. Na mume wa mtu hasemwi."

Damari akageuka. Mwalimu Elisafi alikuwa ameacha kutafuna karafuu.