Medali ya Kumtoa Wabuge Motoni

"—medali, bro! Ile kubwa kabisa, ya kuvishwa Ikulu, TV zote zikiwa hapo!"

Nilikuwa nimeingia wodini mbio kutoka chuo huko Kesses, hata sijasalimia wagonjwa wengine. Afande wa kaka yangu alinipigia mimi, kwa sababu kaka mwenyewe hawezi kushika simu. Mikono zake zote zimefungwa bandeji mpaka kwa viwiko. Kule mpakani aliingia kwa lori ya jeshi ikiwaka, risasi zikilia, akamvuta rafiki yake Wabuge nje.

"Soda kwanza, shujaa!" Nikamshikia mrija mdomoni. Akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Tangu aletwe Eldoret, hakuwa amecheka hata siku moja.

"Daktari amesema vidole hazitarudi," akasema. "Sasa saluti nitapiga na nini, kiwiko? Lakini si Wabuge ako hai? Basi, vidole ziende."

Nikampangusa kidevu. Nikapangusa tena, na kilikuwa kishakauka.

Afande aliniambia mambo mawili. La pili nililimeza pale kwa geti, nikaingia na kelele ya medali: Wabuge alifariki jana.

"Mpigie basi," kaka akasema. "Niwekee simu hapa kwa sikio. Nataka nimwambie mwenyewe, atanitusi huyo!"

Akainua kichwa kutoka kwa mto, akanigeuzia sikio, akangoja.

Simu ilikuwa mkononi, imejaa chaji.

"Imezima, bro," nikasema. "Kesho. Kesho nitakuambia yote."