Divisheni Wani

Kidole cha Hildegardi, mkuu wa tawi la chuo, kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma kwenye kompyuta.

Wanafunzi wa tawi la Mbinga walikuwa wamejaza fomu za kuridhika na chuo. Wastani: moja nukta mbili kati ya tano, na tano ndiyo bora kabisa. Makao makuu walishasema, chuo kinataka kupanda kwenye orodha ya vyuo bora, na tawi litakaloshika mkia halitapewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwisho wa kutuma ni saa kumi. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Akazishika tena zile fomu. Kingo zake zilikuwa na alama nyeusi za vidole vilivyotoka kuchuma kahawa. Moja, moja, moja. Mmoja alikuwa ameichorea moja yake kinyota. Nani anachora kinyota kwenye malalamiko?

Mlango ukagongwa. Kiongozi wa darasa, binti wa Litumbandyosi, alikuwa ameleta fomu za mwisho.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Hebu niambie ukweli. Mbona mmetupa moja?"

Binti akacheka. "Si ndiyo divisheni wani, madamu, daraja la juu kama kwenye mtihani wa kidato cha nne! Wenzangu walisema, nani ampe mwalimu wake divisheni foo?"

Hildegardi akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Kumbe ni kugeuza tu, kila moja iwe tano. Akaanza kufuta zile moja kwenye kompyuta.

"Na wewe ulitupa ngapi?"

"Moja."

"Divisheni wani," Hildegardi akatabasamu.

Binti akatazama sakafu.

"Hapana, madamu. Mimi nilisoma maelezo ya fomu."