Udongo wa Kuziba Mgodi

Evarista alikuwa ameshashika swichi ya jenereta iliyoendeshwa kwa gesi iliyovutwa kwa pampu kutoka mgodini, alipoona mshale wa kipimo cha gesi umeshuka mpaka asilimia ishirini na saba. Asubuhi ulikuwa kwenye hamsini. Ukishuka chini ya thelathini, gesi ya mgodini imeshachanganyika na hewa, na mitambo inaweza kulipuka.

Akaiachia swichi.

"Dada, washa," bosi wake alinong'ona. "Mheshimiwa ametoka Mbeya mjini, utepe ameshakata. Dakika tano tu, kisha uzime."

"Siwashi. Nani kafungua mgodi?"

Bosi akatazama viatu vyake. "Vijana walibomoa kidogo pale mlangoni, mgeni apate kuchungulia. Tungemwonyesha nini, ukuta wa udongo?"

Evarista akatoka, akapita mbele ya viti vya wageni na kwaya iliyokuwa ikiimba. Kwenye mlango wa mgodi wa zamani wa makaa ya mawe palikuwa na tundu pana kama dirisha, limezungushiwa maua. Akasogeza kiganja. Hewa baridi ya mlimani ilikuwa inavutwa ndani kwa nguvu.

Akang'oa maua. Akapiga magoti na kitenge chake kipya, akachota udongo mwekundu, akaanza kuziba kwa mikono. Kwaya ikanyamaza.

"Mama, unafanya nini?" mgeni rasmi aliuliza nyuma yake.

"Naziba, ili umeme uwake." Hakugeuka. "Udongo umekauka, Mheshimiwa. Nisogezee hiyo ndoo ya maji."