Pete Mezani kwa Mzee Kucha

Mzee Kucha alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya jiwe la pete, akaliangalia kwa lenzi, akaguna. Mchumba wa binti yake, fundi friji, alikaa ukingoni mwa kochi kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Mzee alikuwa mpimaji wa madini aliyestaafu, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuacha kitu bila kukikwaruza. Hata msibani alionekana amepiga magoti, akipima ugumu wa vigae vya marehemu. Kwa mchumba alikuwa na sharti moja: jiwe la pete lisipofika ngazi ya tisa ya ugumu, harusi hakuna.

"Jiwe laini, mapenzi laini," alisema. "Ngazi ziko kumi. Ukucha wangu uko ngazi ya pili, almasi ya kumi. Wewe tutakuona."

Msumari haukuacha alama. Tupa ya chuma nayo iliteleza. Jiwe likachora kioo cha dirisha, na mzee akanuna, maana alikuwa ameshaandaa maneno ya kumfukuzia kijana wa watu.

"Mama watoto, lete pete yako."

Mkewe akauficha mkono kwenye upindo wa gauni. "Baba watoto, hii ndiyo ndoa yetu. Tafuta kitu kingine."

"Hiyo ni yakuti, ngazi ya tisa. Niliichagua kwa macho yangu haya. Kipimo gani kitaishinda?"

Mzee akaivua mwenyewe kidoleni mwa mkewe. Binti aliinamisha kichwa. Alimpenda yule fundi kufa, na alijua baba yake akishasema hapana, hageuki.

Mzee akayasugua mawe mawili, moja juu ya jingine. Kanuni ni nyepesi: gumu huchora, laini huchorwa. Akapuliza vumbi, akashika lenzi. Jiwe la fundi lilikuwa zima. La mkewe lilikuwa na mfereji.

Akaangalia tena. Kisha akainuka na kumkumbatia fundi.

"Kinachokata yakuti ni kimoja tu duniani," alisema. "Mwanangu, umeleta almasi. Harusi hata kesho."

Akatoka mbio, miguu peku, kwenda kuwatangazia majirani, na binti akamfuata na viatu vyake. Fundi, mtu mkweli hadi kujiponza, akamsogelea mama mkwe.

"Mama, roho inanisuta. Ile siyo almasi. Ni jiwe jeupe la kawaida, nimelichonga mwenyewe karakanani."

"Najua, baba," alisema mama, akiirudisha pete kidoleni. "Na hiki changu ni kioo. Yakuti niliiuza zamani, mkeo mtarajiwa akasomea pesa hiyo. Tangu siku hiyo mpimaji wetu hajawahi kunitazama mkono, mpaka leo."